Moshi wa kiangazi nao unakula mtaji

Wafanyabiashara wenzangu, leo sisemi mambo ya kupiga picha za bidhaa. Huku Njisi kiangazi kikishika, mashamba yanachomwa, pumba za mpunga zinachomwa kwenye mashine za kukoboa, halafu ongeza moshi wa malori yaliyopanga foleni mpakani Kasumulu. Mimi nauza nguo mtandaoni. Mteja anafungua mzigo anauliza, "Dada, hii ilikuwa jikoni?" Nauli ya kurudisha inanihusu mimi.

Kinachoniudhi ni ukimya wa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, kanuni za viwango vya hewa tangu 2007. Na moshi wenyewe haushtukizi mtu, ni miezi ileile kila mwaka. Tangazo la kukataza kuchoma likishasomwa, basi, imetoka hiyo. Ushuru mbona unafuatiliwa hadi mlangoni?

Mkulima simlaumu sana, hajaonyeshwa pa kupeleka mabua. Halmashauri ndiyo imwonyeshe, kabla ya msimu.

Kwa sasa weka nguo kwenye boksi lenye mfuniko, usizitundike nje. Na mkutano wa kijiji ukiitwa, njoo na hesabu ya mizigo iliyorudishwa. Yangu ipo kwenye daftari tayari.