Januari Inakuja, Tuwaandae Watoto Nyumbani

Ndugu zangu wa Mtendeni, hapa Tabora, msimu wa maembe umeingia, na nyuma yake inakuja Januari. Watoto wetu wa miaka mitano watavishwa sare na kupelekwa darasa la awali. Ada si kikwazo tena, maana tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi. Sare na madaftari tutahangaika navyo kama kawaida yetu. Naomba tufikirie jambo lisilouzwa dukani: mtoto atafika shuleni akiwa na nini mikononi, masikioni na ulimini?

Mwalimu wa awali hadai mtoto anayejua kusoma. Kumfundisha kusoma ni kazi yake. Anamhitaji mtoto anayeweza kufunga vifungo vya shati, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kungoja zamu yake, kusikiliza hadithi mpaka mwisho na kuitika jina lake. Hilo la jina msilidharau. Wapo watoto wanaoitwa Bebi au Chidi tangu wazaliwe, na siku mwalimu anaposoma majina matatu kwenye daftari la mahudhurio, wanageuka kumtafuta mwenyewe. Mfundishe mwanao jina lake, la baba yake na la babu yake, wiki hii hii.

Kuhusu simu, tusilaumiane. Mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua, na mtoto analia mgongoni, akimpa katuni anunue dakika kumi za utulivu, nani wa kumhukumu? Shida inaanza dakika kumi zinapogeuka saa tatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Aliye chini ya miaka miwili asiwekwe kabisa. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Na mkono unaoteleza juu ya kioo tu haujifunzi kushika, kukunja wala kufinyanga, nao ndio mkono utakaopewa penseli.

Michezo ya kuuzoesha mkono huo tunayo. Chukueni mdako. Chimba kishimo uani, tia kokoto kumi. Mtoto anarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka anakomba kokoto zote kutoka shimoni, kisha analidaka kwa mkono uleule. Anarusha tena, safari hii anazirudisha shimoni na kubakiza moja nje. Hiyo ni yake. Zikiisha moja moja, anaingia mbili mbili, halafu tatu tatu. Dada wa miaka minane akifika tatu tatu ataona mwenyewe kwamba kwa kokoto kumi inabaki moja isiyo na wenzake. Hiyo ni hesabu ya kugawanya, ameipata akiwa amechuchumaa mchangani. Mdogo wake aanze na kokoto nne, tena kubwa kubwa. Aliye chini ya miaka mitatu msimwachie kokoto wala maharage, maana huvitia mdomoni.

Kumpa mtoto kipimo chake si jambo geni Unyamwezini. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857 na kuuita mji huu Kazeh, aliandika kwamba Mnyamwezi alizoeshwa tangu utotoni kubeba mzigo mdogo wa pembe za ndovu begani. Misafara ile ya pembe ilikuwa na uchungu mwingi, na wapo waliopitishwa njia ileile wakiwa watumwa, hatuitamani irudi. Lakini wazee walijua kwamba bega haliandaliwi siku ya safari.

Basi baada ya chakula cha jioni, naomba simu zote ziwekwe juu ya kabati kwa nusu saa, za wakubwa pia. Bibi atege kitendawili. Mtoto akishindwa, atoe mji: leo Urambo, kesho Nzega, keshokutwa Kigoma. Akiishiwa miji, baba amwongezee na kumwambia njia inapita wapi kufika huko. Baba usiyekuwa na hadithi, simulia siku yako tu. Mtoto anayeulizwa "halafu ikawaje?" akajibu, ameshaanza kupanga sentensi.

Mwenye genge, mkalishe mtoto karibu apange maembe mafungu ya manne manne. Akikosea, mwache ahesabu upya kabla hujamsahihisha. Fundi cherehani, vitambaa unavyofagia barazani vinatosha kutengeneza mdoli na mpira. Fundi seremala, vipande vya mninga unavyotupa au kuchomea chai, vipige msasa kidogo, uwape majirani. Mtoto atajenga nyumba, ataibomoa na kuijenga tena mchana kutwa.

Na viongozi wetu wa mitaa, kwenye mkutano ujao tuwekeeni ajenda moja ya kiwanja. Watoto wanahitaji pahala pa kucheza rede na kombolela pasipopita bodaboda wala kumwagwa mchanga wa ujenzi. Tukipapata kabla shule hazijafunguliwa, sisi wazazi tuje na majembe na mafyekeo, tupasafishe Jumamosi moja asubuhi.