Ruaha Mkuu Haukukaushwa na Jua Peke Yake

Juni 1992 wakuu wa nchi walikutana Rio de Janeiro kuzungumzia hatima ya dunia. Mwaka uliofuata Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo, karibu kila kiangazi, maji hubaki kwenye madimbwi tu, viboko wakasongamana kwenye tope hadi wengine kufa.

Ndiyo maana naanzia Idodi. Tarafa hii ya Iringa Vijijini inapakana na hifadhi, na vijiji vyake pamoja na vya Pawaga vilitenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori chini ya jumuiya ya MBOMIPA. Wamejitolea kuhifadhi, lakini mto wao unaamuliwa mbali, kule Usangu mkoani Mbeya.

Siku hizi kila balaa tunalitupia mabadiliko ya tabianchi. Yapo, na yanaumiza. Ila watafiti walioichunguza Usangu miaka ya 1990 na 2000 walikuta chanzo kikuu kiko karibu zaidi: maji ya kiangazi yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji ya mpunga. Zamani wakulima waliziba mto kwa miti, mawe na udongo. Kizuizi hicho kilivuja, na kilichovuja kilimfikia mtu aliyeko mkondo wa chini. Yakaja mabanio ya zege yenye mageti. Banio la zege linaweza kumeza kijito kizima cha kiangazi, na geti likiachwa wazi wakati majaruba hayana hata mche mmoja, maji yanasambaa mashambani na kuishia hewani bila kumfaa mtu.

Simlaumu mkulima wa mpunga wa Mbarali, huko Usangu. Mchele wake tunaula sote. Ninacholaumu ni wepesi wetu wa kutafuta mnyonge wa kubebeshwa lawama. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, na 2008 sehemu ya eneo hilo ikaunganishwa na hifadhi. Mto haukuacha kukatika. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi jijini London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka tena mwaka mzima. Ahadi hiyo haijatimia, na Mtera na Kidatu, mabwawa yanayotupatia umeme, yanategemea mto huohuo.

Uendelevu wa kweli hapa unaanzia kwenye geti la mfereji. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, jumuiya za watumia maji na wenye mashamba makubwa wakubaliane tarehe ya kufunga mageti kila mwaka. Tarehe hiyo ibandikwe Mbarali, na ibandikwe pia kwenye ofisi za vijiji vya Idodi, ili maji yasipofika watu wajue wa kumuuliza.