Mama na Chupa Yake ya Dawa ya Mifupa

Nani nyumbani kwenu amefupika? Mara nyingi tunamtania, bibi amezeeka. Kumbe pingili za mgongo wake huenda zimebonyea kimyakimya.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Hauumi. Siku mama akiteleza, akajizuia kwa kiganja, mkono ukavunjika, ndipo tunapojua.

China wamelitafutia tatizo hili mitishamba tangu zamani. Waganga wao hufundisha kwamba figo ndiyo inayotawala mifupa. Moja ya mimea yao huitwa yin yang huo. Je, unasaidia kweli?

Watafiti wa huko waliwachukua wanawake 100 waliokoma hedhi siku nyingi. Kundi moja lilipewa viini vya mmea huo, jingine dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Wote walipewa kalisi, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Baada ya miezi 24, waliotumia mmea mifupa yao ilikuwa imeshikilia, ya wenzao imepungua. Hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Habari njema, ila watu 100 ni wachache, na kipimo cha msongamano wa mfupa hakikuambii nani atavunjika. Tena mwaka 2016 serikali ya China yenyewe ilitahadharisha kwamba Xianling Gubao, dawa ya mifupa yenye mmea huohuo, inaweza kudhuru ini.

Msidhani nabeza mitishamba. Dawa mseto ya malaria tunayowapa wanetu ilianzia kwenye jani la China, aina ya pakanga. Lakini mtafiti wa China, Tu Youyou, na wenzake hawakuishia kwenye maneno ya wahenga. Walilipima, na mwaka 1972 Tu akainywa dawa hiyo yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa.

Basi sisi tufanye nini? Mama akiwa na chupa yake ya mitishamba, usimnyang'anye. Keti naye muitazame: ina nini ndani? Siku ya kliniki itieni mkobani, chupa yenyewe, daktari aione. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, aache kuinywa na awahi hospitali.

Na kazini, mwenzetu akituletea vidonge vya mifupa vya kuuza, tumuulize kwa upole: vimepimwa kwa watu wangapi? Kwa muda gani? Vimelinganishwa na nini? Naye anamtakia mama yake mema kama sisi, atapenda kujua.

Wakati majibu yanatafutwa, dagaa wenye kalisi wapo sokoni, na kutembea asubuhi hakuna ada. Na kile kipande cha sabuni kilichoachwa sakafuni bafuni, jioni hii nani atakiokota?