Uhuru wa Ugiriki na mizani ya urafiki wake na Marekani

Kila ifikapo tarehe 25 Machi, Rais wa Marekani hutoa tangazo rasmi la kuadhimisha uhuru wa Ugiriki, na siku hiyo huitwa pia siku ya kusherehekea demokrasia ya Wagiriki na ya Wamarekani. Desturi hiyo ilianza mwaka 1987 chini ya Ronald Reagan na imeendelezwa na marais wa vyama vyote viwili. Ujumbe wake haubadiliki sana: Athens ndiko demokrasia ilikozaliwa, waasisi wa Marekani walijifunza kwa Wagiriki wa kale, nao Wagiriki wa mwaka 1821 walitiwa moyo na mapinduzi ya Marekani. Hayo yote yana ukweli wake. Hata hivyo, historia ya miaka 200 inaonyesha kwamba urafiki huo ulipojaribiwa, mara nyingi waliosimama imara walikuwa raia kuliko serikali.

Mwezi Machi 1821 Wagiriki waliinuka dhidi ya Himaya ya Ottoman iliyokuwa imewatawala kwa karibu karne nne. Tarehe 25 ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1838, nayo inakwenda sambamba na sikukuu ya Kanisa la Kiorthodoksi ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Vita vyenyewe vilikuwa vya kikatili. Waasi walipouteka mji wa Tripolitsa mwaka huo wa kwanza, waliwaua maelfu ya Waislamu na Wayahudi. Mwaka uliofuata, majeshi ya Sultani yaliwaua au kuwauza utumwani maelfu kwa maelfu ya wakazi wa kisiwa cha Chios.

Tangu miezi ya mwanzo ya uasi huo, kiongozi wa eneo la Mani, Petros Mavromichalis, aliwaandikia raia wa Marekani kutoka Kalamata akiomba msaada wao. Wito huo ulichapishwa magazetini na kuitikiwa. Katika miji kama New York, Boston na Philadelphia ziliundwa kamati za kuchanga fedha, chakula na nguo. Daktari kijana wa Boston, Samuel Gridley Howe, alikwenda kuwatibu wapiganaji, akarudi kwao kukusanya misaada, kisha akasafiri tena kuwagawia wakimbizi. Baadaye Howe huyo huyo akawa miongoni mwa wapinzani wa utumwa nchini mwake, nchi iliyokuwa ikishangilia uhuru wa Wagiriki huku mamilioni ya watu weusi wakiwa katika minyororo.

Serikali ya Washington ilichagua njia nyingine. Katika hotuba yake ya Desemba 1823, Rais James Monroe aliwatakia Wagiriki ushindi, lakini hotuba hiyo hiyo ilitangaza kwamba Marekani haitajiingiza katika vita vya Ulaya. Mwezi huo huo, mbunge Daniel Webster alipendekeza mjumbe apelekwe Ugiriki, na hoja yake ikakwama. Waziri wa Mambo ya Nje, John Quincy Adams, hakutaka nchi yake ivutwe katika mgogoro wa mbali, tena Marekani ilikuwa ikitafuta mkataba wa biashara na Sultani. Jamhuri ya Haiti, iliyoundwa na watumwa waliojikomboa, ilikuwa imekwisha kuwaandikia Wagiriki mwaka 1822 kuwaunga mkono, ingawa haikuwa na silaha wala fedha za kuwapa. Mizani ya vita iligeuzwa na manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi huko Navarino mwaka 1827, na uhuru ukathibitishwa mjini London mwaka 1830. Marekani iliitambua Ugiriki mwaka 1837.

Mtihani mzito zaidi ulikuja katika karne ya 20. Mwaka 1947, Rais Harry Truman aliliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki ili kuzuia ukomunisti, na mwaka 1952 nchi hizo mbili zikajiunga na Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Lakini tarehe 21 Aprili 1967 makanali walipoipindua serikali ya Athens, kuwafunga wapinzani na kuwatesa, Washington ilisitisha kwa muda utoaji wa silaha nzito, kisha ikaurejesha mwaka 1970. Mwaka uliofuata Makamu wa Rais Spiro Agnew, mwana wa mhamiaji wa Kigiriki, aliwatembelea watawala hao.

Novemba 1973 wanafunzi walijifungia katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens wakidai uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 17, kifaru cha jeshi kiliangusha lango la chuo, na watu zaidi ya 20 waliuawa katika machafuko ya siku hizo. Utawala wa kijeshi ulianguka Julai 1974, baada ya kuchochea mapinduzi Cyprus na Uturuki kukivamia kisiwa hicho. Hadi leo, kila tarehe 17 Novemba, maandamano hutoka chuoni hapo hadi mbele ya ubalozi wa Marekani.

Ndiyo maana maneno ya Rais Bill Clinton mjini Athens, Novemba 1999, yalikuwa na uzito. Huku waandamanaji wakiwa wamepambana na polisi mitaani, alikiri kwamba mwaka 1967 Marekani iliruhusu maslahi ya Vita Baridi yaushinde wajibu wake wa kuitetea demokrasia.

Leo uhusiano wa kiserikali ni wa karibu sana. Mkataba wa ulinzi wa mwaka 1990, uliorekebishwa mwaka 2019 na 2021, unayapa majeshi ya Marekani nafasi katika ghuba ya Souda, kisiwani Crete, na katika bandari ya Alexandroupoli. Kambi na bandari hupima ukaribu wa majeshi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa Wagiriki wanaoikumbuka miaka saba ya makanali, dhiki hiyo ndiyo kipimo cha tangazo la kila tarehe 25 Machi.