Tochi Imekwisha Kummulika Dereva: Je, Somo Limeingia?

Katika barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba, kupitia Kemondo na Muhutwe, kibao cha kilomita 50 kwa saa humwarifu dereva kwamba ameingia katika makazi ya watu. Akikikaidi, huenda akanaswa na kamera ya askari wa usalama barabarani, ambayo wananchi huiita tochi.

Chombo hicho hakibahatishi. Tochi ya leza hupeleka mapigo ya mwanga, nayo hugonga gari na kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, pigo liendalo mita 150 na kurudi hutumia sehemu moja tu ya milioni ya sekunde. Mapigo mengi yakilinganishwa, mwendo wa gari hujulikana. Askari aliye mbele hulisimamisha gari, na dereva huandikiwa faini. Akikana kosa, ana haki ya kupelekwa mahakamani.

Lakini yafaa tutazame yatokeayo baada ya hapo. Mara nyingi dereva huongeza mwendo ili afidie dakika alizopoteza, na abiria humhimiza. Wengine huwawashia taa wenzao ili kuwaonya kwamba tochi ipo. Ndiyo kusema faini imelipwa, bali somo halikuingia.

Basi tufanye hesabu. Kilomita moja ya kijiji hupitwa kwa sekunde 72 katika mwendo wa 50, na kwa sekunde 45 katika mwendo wa 80. Faida ni sekunde 27. Na hasara je? Nishati mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Hivyo gari la mwendo wa 80 hubeba zaidi ya mara mbili na nusu ya nishati ya lile la 50. Tuseme mtoto anakatiza barabara, kila dereva anachukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, na breki hupunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Gari la kwanza litasimama baada ya mita 28 hivi. Mahali hapo hapo, gari la pili litakuwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Faini ni ya lazima, lakini haitoshi, maana tochi haiwezi kusimama katika kila kijiji. Walimu wa fizikia wa Bukoba na Muleba wana mfano mzuri kuliko wowote wa vitabuni: barabara ipitayo karibu na shule zao. Mwanafunzi aliyeikokotoa hesabu hii mwenyewe hatamhimiza dereva akimbize gari. Atamwomba apunguze mwendo, hata pasipo na askari.