Taa ya jua: kwa nini ilichukua miaka mingi kufika Kisangani, na kwa nini safari haijaisha

Kisangani iko na mto, iko na maporomoko, na iko na santrali ya umeme kwenye mto Tshopo tangu miaka ya 1950. Santrali hiyo iko na mashine tatu. Zote zikizunguka pamoja zinaweza kutoa karibu megawati 19. Lakini mashine moja ikiharibika, kipuri hakipatikani haraka, na SNEL inagawa moto kwa zamu: leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Ndiyo sababu plake za jua zinazidi kuonekana juu ya nyumba, toka Mangobo na Kabondo mpaka ng'ambo, Lubunga.

Wengi wanaziita kitu cha kisasa. Kwa kweli plake ya jua ni mzee kuliko uhuru wa Kongo. Swali ni hili: ilikuwa wapi miaka hiyo yote?

Vipande vitatu vilivyosubiriana

Taa ya jua ni vitu vitatu ndani ya kimoja: plake inayovuna mwanga, batri inayouweka, na ampuli inayoutoa usiku. Kila kimoja kilikuja siku yake.

Plake ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 25 mwezi wa nne 1954, na wahandisi wa Bell Labs huko Marekani. Ilifanya kazi, lakini bei yake hakuna familia ingeweza. Mteja wake wa kwanza mkubwa alikuwa satelaiti: mwaka 1958 Wamarekani waliweka plake kwenye Vanguard 1. Katikati ya miaka ya 1970, wati moja tu ya plake ilikuwa bado inakaribia dola 100. Leo, toka kiwandani, wati hiyo haifiki hata dola moja.

Batri ya litiamu, ile nyepesi ya telefone, kampuni Sony iliianza kuiuza mwaka 1991. Ampuli ndogo za LED zilikuwepo tangu 1962, lakini zilitoa mwanga mwekundu, na hakuna mtoto anaweza kusomea mwanga wa namna hiyo. Kupata mwanga mweupe, ilibidi kwanza kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu. Hiyo ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watafiti watatu waliozaliwa Japani walipewa tuzo ya Nobel juu yake mwaka 2014. Ampuli hizo zinakula moto kidogo sana, ndiyo maana plake ndogo sasa inatosha kwa nyumba.

Basi plake ilingojea batri na ampuli karibu miaka 40.

Franga ya kila siku

Hata vipande vilipokutana, mlango wa nyumba ulibaki umefungwa. Mama anayeuza pondu sokoni anapata pesa yake kila siku, kidogo kidogo. Kiti ya jua inaomba pesa yote siku moja. Lakini huyo mama analipa kila wiki pile za torchi na kuchajisha telefone kwenye kibanda. Pesa anayo, ila haiji kwa pamoja.

Jibu halikutoka laboratwari, lilitoka kwa telefone. Kenya, kampuni M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza kiti za jua kwa deni: mteja anatuma kiasi kidogo kwa M-Pesa, kiti inawaka, asipolipa, inazima. Mwaka huo huo Vodacom ilileta M-Pesa hapa Kongo. Mwaka 2013 wana wawili wa Sud-Kivu, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, waliokulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, walianzisha kampuni Altech kuuza taa za jua katika nchi yao. Na sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa kampuni za watu binafsi, siyo SNEL peke yake.

Hatua ambayo bado

Kufika Kisangani ni safari nyingine. Mzigo unapanda mto toka Kinshasa, kilomita karibu 1.700, ao unatoka Mombasa, unaingia kwa Kasindi, halafu Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, kwa barabara yenye matope na usalama mdogo. Kila kituo kinaongeza bei. Ndiyo sababu vitu vya bei ya chini vinapata soko haraka, na kati yao kuna vibaya vingi.

Wati zinazoandikwa nyuma ya plake zinapimwa ndani ya laboratwari, chini ya mwanga mkali, plake ikiwa na joto la digri 25. Juu ya bati ya Kisangani plake inachemka zaidi, na mawingu ni ya karibu kila mwezi. Plake ya wati 100 haitatoa wati 100. Kwa plake bandia, hata maandishi yenyewe ni uongo. Kuna pia wanaofunga batri ya gari. Hiyo ilitengenezwa kwa kuwasha motere kwa nguvu ya mara moja. Ukiimaliza kila usiku, inakufa mapema.

Na kiti ya deni inaleta swali lake: inafunguka kwa kodi ya kampuni. Kampuni ikifunga ofisi, ao rezo ikikatika, nani atatoa kodi kwa familia ambayo imelipa sehemu kubwa ya deni?

Hapa ndipo safari imesimama. Uvumbuzi umekwisha kufanyika, bei imeshuka, njia ya kulipa ipo. Kinachokosa ni fundi aliyejifunza kazi hiyo, vipuri karibu, na mamlaka ya jimbo inayopima vitu kabla viingie sokoni. Bila hayo, nyumba inanunua taa moja, inakufa, na jirani anayeangalia anasema: mambo ya jua ni wizi. Watu kama huyo jirani watarudi kwenye bujia.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aulize mambo manne: garantii ni ya miezi mingapi, na imeandikwa? Batri ni ya namna gani, na inabadilishwa wapi? Ofisi ya muuzaji iko hapa mjini, ao ni wakala anayepita tu? Na deni likiisha, kiti inafunguka kabisa, bila kodi tena? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo, afazali kumuacha apite.