Mwanasesere Asiye na Mwaka

Wako watu wenye elimu wanaocheka wasikiapo kwamba kuna makumbusho yaliyowekwa kwa ajili ya wanasesere. Husema ati mwanasesere ni mchezo wa mtoto, na kwamba historia ni habari za wafalme na vita. Watu hao wamekosea. Lakini wako na wengine waliokosea zaidi, nao ni wale wanaompanga mwanasesere katika kabati la kioo, wakamwandikia jina la nchi au la kabila, kisha wakadhani wamefundisha. Wale wa kwanza hutunyima elimu. Hawa wa pili hutupa elimu ya uongo.

Hebu tuwajibu wale wa kwanza. Zamani, kabla magazeti ya mitindo hayajaenea, washonaji wa Paris walipeleka wanasesere waliovikwa nguo katika miji mingine ya Ulaya, ili mabibi wa huko waone mishono ya wakati ule. Tena mwaka 1949, Wafaransa walipowashukuru Wamarekani kwa msaada waliopata baada ya Vita Kuu ya Pili, walipeleka mabehewa 49 ya zawadi. Pamoja na zawadi hizo walikuwamo wanasesere 49, wenye kimo cha sentimita 60 hivi, waliovikwa na washonaji mashuhuri wa Paris mavazi ya tangu mwaka 1715 hata 1906. Kila mshonaji alichagua mwaka wake, akachunguza michoro na maandishi ya kale, ndipo akashika sindano. Usione vyaelea, vimeundwa. Wanasesere hao walitunzwa katika makumbusho ya Brooklyn, New York, na mwaka 2009 mkusanyo wa mavazi wa Brooklyn ukahamishiwa Metropolitan Museum of Art. Je, huo ni mchezo wa mtoto?

Sasa angalia jambo moja. Kila mmoja wa wanasesere hao ana mwaka. Ukiwatazama kwa utaratibu, utaona marinda yakipanuka na kupungua, na kiuno kikipanda na kushuka. Hapana awezaye kumnyoshea kidole mmoja wao na kusema, "Hili ndilo vazi la Wafaransa."

Walinganishe na wanasesere wa Kiafrika wanaowekwa kabatini au kuuzwa kwa watalii. Huyu kaandikiwa "Mmasai," yule "Mswahili," basi. Mwaka haupo, kana kwamba watu wetu walizaliwa wamevaa nguo hizo na hawakuzibadili kamwe. Kumbe Wamasai walivaa ngozi kabla shuka za pamba hazijaenea. Na mwanamke wa Pwani je? Katika karne ya 19 alivaa merikani, kitambaa kilicholetwa na merikebu kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Baadaye zikaja leso na kanga, kisha buibui.

Mabadiliko hayo si ya urembo tu. Sheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, iliyokuwa alama ya unyonge wao, wakajifunga kanga za rangi. Nguo ile ilikuwa tangazo la uhuru. Mwanasesere wa kanga asiye na mwaka amefutiwa tangazo hilo. Mtazamaji huona kitambaa kizuri, asijue kilivaliwa kwa sababu gani.

Pengine utasema kwamba makumbusho ni madogo na nafasi ni chache. Hiyo si hoja. Wanasesere watatu wa Pwani, mmoja wa kaniki, mmoja wa kanga, mmoja wa buibui, kila mmoja na mwaka wake, watafundisha kuliko thelathini wenye majina ya makabila matupu. Kipande cha karatasi cha kuandikia mwaka hakihitaji kabati jipya.

Basi, msomaji, uingiapo katika makumbusho yoyote, usiridhike kuambiwa, "Huyu ni wa kabila fulani." Uliza kwa adabu, "Huyu ni wa mwaka gani?" Na ikiwa shuleni kwenu mtashona nguo za wanasesere, waulizeni kwanza bibi zenu walivaa nini, lini, na kwa nini waliacha. Watu wasio na tarehe husimuliwa na wengine wapendavyo.